Chupa isiyo na umri yaniponza kwa shemeji!

Kama hujafika miaka 18 hama, nenda ukurasa wa katuni. Leo ni mambo ya wakubwa.

Jumamosi iliyopita kaka wa mchumba wangu aliniita kwake. Jamaa ni mtu mzima, baharia mstaafu, kilaji cha dunia nzima anakijua. Sasa uende mikono mitupu? Uende na kreti la bia uonekane mtoto? Nikajikusanya, nikamwagiza mshikaji mmoja aliyekuwa safarini aniletee wiski ya Scotland, tena single malt. Mshiko uliruhusu ya bei poa tu: Glen Grant, ile ya Major's Reserve.

Shemeji akaipokea, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Kimya.

"Shemeji, mbona hii haijaandikwa miaka?"

Moyo paa! Mchumba akaangalia chini. Kabatini kwa mwenyeji nikaiona nyingine ya miaka 12, imekaa kama mwenyekiti.

Bahati nzuri nilikuwa nimesoma kidogo. Nikamwambia, kwa sheria yao wiski haiitwi Scotch mpaka ilale miaka 3 ndani ya pipa la mwaloni, huko huko Scotland, na ukali usishuke asilimia 40. Namba ya kwenye chupa ni umri wa ile changa kuliko zote zilizomo. Ukichanganya ya miaka 20 na kikombe cha miaka 5, unaandika 5! Ndiyo maana wengine wanaona bora wanyamaze. Halafu kila mwaka pipani inapotea kama asilimia 2 hivi, inaishia hewani, wenyewe wanaiita mgao wa malaika. Malaika wakinywa miaka 12 bili analipa nani?

Akacheka kidogo. "Haya, mimina."

Barafu hakuna, soda hakuna. Rangi yake ni ya njano iliyopauka, kama mafuta ya alizeti. Ukinusa (usizamishe pua, bwana, itakuchoma) unakutana na tofaa la kijani na peasi. Mdomoni inakuja tamu, nyepesi, na ladha ya kimea. Kimea ndicho kile kile bibi anachotia kwenye togwa, ila hiki ni cha shayiri tupu, na single malt maana yake yote imetoka kiwanda kimoja. Tukatia maji matone mawili, matunda yakafunguka zaidi.

Wepesi huo si uchanga peke yake. Kama umewahi kuona gongo inavyopikwa utanielewa: mvuke unapanda, unapoa, unadondoka. Kule Rothes, kiwanda kilipo tangu 1840, mitambo ya shaba ni mirefu na ina kichujio, mvuke mzito unarudi chini kuchemshwa upya. Kinachopita ni chepesi tangu siku ya kwanza, hakihitaji kulala miaka mingi ndipo kilainike. Waitaliano walilijua hilo zamani, Glen Grant ya miaka 5 ilitamba sana kwao.

Sio siri, kasoro ipo. Ukishameza, ladha inaaga haraka, inaacha ukakasi kidogo wa karanga basi. Ile ya miaka 12 tuliionja baada yake: nzito zaidi, inakaa kooni, inabadilika-badilika. Hapo nilinyoosha mikono. Ila kwa jioni ya joto na stori nyingi, mimi narudi kwenye changa yangu.

Shemeji hakusema kitu. Niliona tu ile ya miaka 12 imerudi kabatini, na yangu imeshuka nusu. Wakati wa kuniaga getini akanishika bega.

"Wiski nimekubali. Lakini mahari, shemeji, hiyo uje nayo imeandikwa namba."