Lango Moja

Akitajwa mtu kuwa shujaa wa hewani, sisi hukimbilia kuuliza: Aliruka juu kadiri gani, na mbali kadiri gani? Mimi naona kipimo hicho hakitoshi. Sikilizeni habari za Bessie Coleman, kisha mpime wenyewe kama nakosea.

Bessie alizaliwa mwaka 1892 katika jimbo la Texas, Marekani, katika nyumba yenye watoto wengi na mali chache. Wakati wa mavuno aliacha masomo akaenda shambani kuchuma pamba. Alipokuwa mtu mzima alihamia mji wa Chicago, akafanya kazi ya kutengeneza kucha za watu katika duka la kinyozi. Huko kaka yake, aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Ulaya, alimtania kwamba wanawake wa Ufaransa huendesha eropleni, bali yeye hawezi. Neno lile likamchoma. Akaomba kufundishwa, lakini vyuo vya Marekani vikamkataa, kwa kuwa ni mweusi, tena ni mwanamke.

Basi, alifanyaje? Hakukaa kulia mbele ya mlango uliofungwa. Alijifunza Kifaransa, akaweka akiba, na mwaka 1920 akavuka bahari. Tarehe 15 Juni 1921 alipewa hati ya urubani huko Ufaransa, akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kuipata.

Aliporudi kwao alipata riziki kwa kuonyesha michezo ya kuruka mbele ya makutano ya watu. Haja ya moyo wake ilikuwa kufungua chuo ambamo watu weusi wangejifunza urubani. Na chuo chataka fedha. Alipata nafasi ya kuigiza katika sinema, lakini alipoagizwa aonekane amevaa matambara kama mtu duni, alikataa akaenda zake. Tena huko Texas, wenye mchezo walitaka weupe waingie kwa lango lao na weusi kwa lao. Bessie akawaambia kwamba lango lisipokuwa moja, yeye haruki. Wakakubali, ijapokuwa ndani watu waliketi mbalimbali.

Huenda mmoja wenu akasema: Huyu alikosa busara. Angaliinama kidogo, angalipata fedha, na chuo kingalijengwa. Neno hilo si la kudharauliwa. Maana tarehe 30 Aprili 1926, katika mji wa Jacksonville, eropleni aliyoipanda, ikiendeshwa na fundi wake, ilipinduka, naye akatupwa nje akafa. Ikaonekana kwamba spana ilikuwa imekwama katika mitambo. Chuo alikuwa hajakifungua.

Walakini mimi siafiki. Chuo kile kilikusudiwa kuwaonyesha watu weusi kwamba hewani wao ni sawa na wengine. Angekijengaje kwa fedha za kuwaonyesha kwamba nchi kavu wao ni duni? Hakuna ajengaye nyumba kwa mawe ya kung'oa katika msingi wake.

Wala mbegu yake haikufa. Miaka michache baadaye, William J. Powell alianzisha chama cha urubani katika mji wa Los Angeles, akakiita kwa jina la Bessie Coleman. Na mwaka 1992, miaka 100 tangu Bessie kuzaliwa, Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu, alikwenda huko na picha yake.

Enyi wanafunzi, wengi wenu hamtaendesha eropleni kamwe. Lakini kila mmoja wenu atasimama siku moja penye lango, aambiwe: Wewe pita hapa, mwenzako na azunguke nyuma. Siku hiyo hutaulizwa umeruka juu kadiri gani. Utaulizwa uliingia kwa lango gani, na mwenzako ulimwacha wapi.