Maji ya Tana, Miti Yake na Sauti Zake

Wimbo wa taifa wa Kenya ulianzia kwenye kingo za Mto Tana. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume, ilichukua tuni ya wimbo ambao akina mama wa Kipokomo huwabembelezea watoto wao, ikaivika maneno mapya. Taifa changa lilipotafuta sauti ya kujitambulisha nayo mbele ya dunia, liliipata kwa watu wanaolima mpunga na migomba kwenye tope linaloachwa na mto.

Toleo hili linahusu sauti za mto huo na miti yake. Jarida limeviweka pamoja kwa makusudi, maana kwenye mipango ya serikali vimetenganishwa kwa muda mrefu mno. Mti huhesabiwa, hupimwa, hupigwa muhuri wa hifadhi; sauti haina fungu katika bajeti yoyote. Na bado msitu wa Tana ukikauka, kitakachotangulia kuwafikia watu ni kimya chake.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, kilomita zipatazo 1,000 kutoka Nyandarua na Mlima Kenya hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Ukishapita Garissa unapita katika nchi kame, na msitu unabaki ukanda mwembamba tu kandokando ya maji. Humo mna mikuyu na mikindu. Humo pia mna nyani wa aina mbili wasiopatikana porini popote pengine duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana. Alfajiri dume la mangabi hutoa mwito mmoja mzito, hunyamaza kidogo, kisha humwaga mfululizo wa milio ya haraka inayosikika mbali sana msituni. Kwa mwito huo makundi hujua nani yuko wapi na hukwepana bila kupigana. Mkuyu unaozaa huwavuta nyani na ndege kwa wakati mmoja, na hondohondo wakifika, mvumo wa mbawa zao husikika kabla hawajaonekana. Ukikatwa mkuyu mmoja mkubwa, karamu hiyo yote hutawanyika.

Miti hiyo ni kumbukumbu ya watu vilevile. Tana huhama, huacha mkondo wake wa zamani na kuchimba mwingine, na vijiji huufuata. Miembe haihami. Mzee wa Kipokomo akionyesha safu ya miembe mikongwe isiyo na nyumba hata moja chini yake, anaonyesha mahali ambapo watu waliishi. Huo ni ushahidi wa makazi ambao mwanahistoria yeyote angeutaka, nao umeachwa kwa shoka na tanuri za mkaa.

Kuna mti mwingine unaostahili kujulikana zaidi: mpopla wa Tana, *Populus ilicifolia*. Ndugu zake wengi ni miti ya nchi za baridi, ila huu umejichagulia mito ya karibu na ikweta, na Wapokomo wamechonga mitumbwi kwa magogo yake. Miche yake huchipua kwenye mchanga mpya unaotandazwa na mafuriko. Mafuriko yasipokuja hakuna mchanga mpya, na pasipo mchanga mpya, miti mikubwa huzeeka bila warithi.

Hapo ndipo penye hoja ya toleo hili. Kati ya 1968 na 1988 mabwawa matano ya umeme yalijengwa sehemu ya juu ya mto: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo ghala la maji ya mengine. Umeme huo umeifaa nchi, na jarida hili halibezi faida yake. Lakini mabwawa yamepunguza nguvu ya mafuriko ya masika na ya vuli, yale yaliyokuwa yakinywesha msitu, yakirutubisha mashamba na kuwaamsha vyura usiku kucha. Sasa linazungumzwa bwawa kubwa zaidi, High Grand Falls.

Aliyepoteza nyumba atasema mafuriko si ya kutamaniwa, na ana haki ya kusema hivyo. Mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024 maji yalizihamisha familia nyingi za kaunti ya Tana River. Hata hivyo, maji yanayofurika ghafla mabwawa yakijaa si sawa na maji yanayofunguliwa kwa kipimo, kwa msimu wake, baada ya vijiji kupewa taarifa mapema. Hayo ya pili yanaweza kupangwa. Yanahitaji uamuzi tu.

Sauti moja ya Tana imo London. Ngadji ni ngoma takatifu ya Wapokomo. Mlio wake ulibeba mamlaka ya wazee, na walioruhusiwa kuiona walikuwa wachache. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakoloni wa Kiingereza waliichukua, na imekuwa mali ya British Museum tangu hapo. Wapokomo wameidai. Warudishiwe.

Kwa wasomaji wanaoishi kando ya Tana, kuanzia Garissa hadi Kipini, jarida lina ombi. Simu iliyo mfukoni inatosha kurekodi alfajiri ya msitu. Rekodini, andikeni tarehe na mahali, muulizeni mzee mmoja jina la mti mliosimama chini yake na nani aliupanda, kisha tuleteeni. Mkutano wa wananchi kuhusu bwawa jipya ukiitishwa, nendeni na rekodi hizo, mzifungulie sauti mbele ya maofisa.