Uliza Siku, Usiulize Dini

Leo siongelei mtaji wala matangazo. Naongelea yule binti au kijana anayekupakia oda. Wengi wetu tunampoteza kwa jambo ambalo lingeisha kwa mazungumzo ya dakika tano: siku zake za ibada.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nauza viatu na nguo za watoto hapa Mbeya. Nina fremu ndogo maeneo ya Kabwe, ila wateja wengi wananipata WhatsApp na Instagram: wako Tunduma, Makambako, Iringa, mpaka Dar. Nilikuwa na binti mmoja mwepesi kweli kweli. Hakosei saizi, anawajibu wateja kwa lugha nzuri, mzigo unafika stendi mapema. Ni Msabato. Ijumaa jua likikaribia kuzama anaacha kazi mpaka Jumamosi jioni.

Mwanzoni nilivumilia. Desemba oda za Krismasi zikanizidi, nikamwambia, "Jumamosi hii chagua, kanisa au kazi." Akanijibu kwa heshima, "Dada, nashukuru kwa yote," akaniachia funguo.

Jumamosi ile nilipaki peke yangu hadi usiku. Nikaajiri mwingine haraka haraka, na Januari nikaanza kurudishiwa viatu, mguu mmoja namba 28, mwingine namba 30. Gharama ya kutuma upya ikawa yangu. Na wateja wananiuliza, "Yule dada wa zamani yuko wapi?"

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukiona baadaye. Mimi Jumapili sifungui. Naenda zangu kanisani Moraviani, na sijawahi kumwomba mtu ruhusa. Siku yangu ilikuwa tayari kwenye ratiba kwa sababu ratiba niliipanga mimi. Siku yake nikaiita usumbufu.

Mbeya yetu hii ina Wamoraviani, Walutheri, Wakatoliki, Wasabato, Walokole na Waislamu, wote wanapanda daladala moja. Ukiajiri mtu, kuna uwezekano mkubwa siku yake si siku yako. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Siku ya kwanza kabisa muulize, "Siku gani na saa gani huwezi kabisa kufanya kazi?" Uliza siku, usiulize dini. Swali hili linamsaidia hata mwenye mzazi wa kupeleka kliniki. Halafu kumbuka, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya dini. Sheria hiyo hiyo inampa angalau saa 24 za mapumziko kila wiki. Kwa nini mapumziko hayo yasiwe siku anayoihitaji?

2. Weka sikukuu zote kwenye kalenda moja, ibandike ukutani. Mwaka 2025 Idd el-Fitri ilikuwa Machi 31 na Pasaka Aprili 20, hata wiki tatu hazikupita katikati. Idd inawahi kwa kama siku 11 kila mwaka na inategemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo acha nafasi ya siku mbili. Mwezi wa Ramadhani usimtume mtu stendi saa ya kufuturu. Na Ijumaa mchana mwachie Mwislamu muda wa kwenda msikitini bila kumnunia.

3. Kama mko wawili au watatu, pokezaneni. Mwislamu akishika Krismasi, Mkristo ashike Idd. Ila wakubaliane wenyewe, na usimbebeshe mmoja kila mara eti "si sikukuu yako". Krismasi ni sikukuu ya kitaifa kwa kila Mtanzania. Anayefanya kazi siku hiyo, sheria inataka umlipe mshahara wa msingi mara mbili kwa kila saa aliyofanya.

4. Mwambie mteja mapema. "Oda za baada ya Ijumaa saa 10 jioni zinatoka Jumapili." Weka stetasi, weka kwenye ukurasa wako. Mteja anaweza kusubiri siku moja. Ukimya ndio unaomfukuza.

Najua kuna mtu anasema, "Mimi nina msaidizi mmoja tu, na Jumamosi ndiyo siku ya hela." Ni kweli, inauma. Sitakudanganya kwamba hutapoteza oda hata moja. Ila piga hesabu zote: oda mbili tatu za Jumamosi upande mmoja, na upande wa pili kumfundisha mtu mpya, mizigo kurudi, na wateja waliomzoea yule wa kwanza. Mimi nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimeshachelewa.

Siku hizi nina binti mwingine, naye Msabato. Tulikubaliana toka siku ya kwanza. Jumamosi napokea oda mimi mwenyewe kwenye simu. Jumapili nikiwa kanisani, yeye yuko kwenye fremu anapaki, na nikitoka ibadani mizigo imeshaenda stendi. Zamani Jumapili palikuwa pamefungwa. Siku niliyoiona hasara kwa yule wa kwanza ndiyo imenifungulia siku nyingine ya kazi.

Yule wa kwanza nilimpigia simu nikamwomba msamaha. Ameshapata kazi kwingine, na bosi wake wa sasa hataki kumwachia. Simlaumu.

Wewe msaidizi wako unajua siku gani hawezi? Kama hujui, muulize leo kabla Desemba haijafika.