Ngoma Isiishie Kupokea Wageni

Ubaguzi wa rangi haukuishia katika hoteli, shule na hospitali. Ulipanda pia jukwaani. Wakati wa ukoloni, mchezo wa kuigiza uliotambuliwa ni ule uliotoka Ulaya, ukachezwa kwa Kiingereza katika kumbi za walowezi na maofisa. Ngoma, majigambo na utambaji wa hadithi vikaitwa mambo ya washenzi. Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari nchini Kenya.

Bendera zilibadilishwa kwa usiku mmoja. Mitaala haikubadilika hivyo. Ndiyo maana mwaka 1968 wasomi watatu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na Afrika pamoja na fasihi yake simulizi iwe kitovu cha masomo. Hawakudai kwamba Ulaya isisomwe. Walidai kwamba Mwafrika asiwe mgeni nyumbani kwake.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa katika miaka ya 1960, kilionyesha kwamba dai hilo linatekelezeka. Penina Muhando na Amandina Lihamba walitunga na kuonyesha michezo kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanasanaa wa chuo walikwenda Malya, Mwanza, ambako wanakijiji walitumia ngoma na maigizo kujadili matatizo yao wenyewe.

Hata hivyo, kasumba haijaisha. Ngoma huitwa uwanja wa ndege kumpokea mgeni, ikachezwa juani, na msafara ukishapita wachezaji husahauliwa. Mwanafunzi hukariri sifa za tamthilia apate kufaulu mtihani, lakini bibi yake, awezaye kushika usikivu wa kijiji kizima kwa hadithi moja, hahesabiwi kuwa msanii. Huo ni ubaguzi ule ule, ila sasa unaendeshwa na wenyewe.

Dawa yake lakini isigeuzwe kuwa sumu nyingine. Uhalali wa msanii au mwalimu wa sanaa haupimwi kwa rangi ya ngozi. Mtanzania mwenye asili ya Asia, Uarabuni au Ulaya ana haki katika jukwaa la taifa sawa na mwenzake yeyote. Mwalimu Nyerere, aliyeanzisha Wizara ya Utamaduni mwaka 1962, ndiye pia aliyetafsiri Juliasi Kaizari ya Shakespeare mwaka 1963. Hakuona mgongano, kwa kuwa mwenye nyumba haogopi kumkaribisha mgeni. Aogopaye ni yule asiye na hakika kwamba nyumba ni yake.

Walimu na maofisa utamaduni wana wajibu ulio wazi. Mtambaji, manju na mchezaji wa kijijini waalikwe darasani wafundishe, nao walipwe posho kama wataalamu wengine. Mtoto akimwona bibi yake amesimama mbele ya ubao, na mwalimu ameketi akimsikiliza, hatahitaji kuhubiriwa kwamba utamaduni wake una thamani.