Waraka kwa Wanajumuiya: Tuishike Alhamisi



Akina mama, akina baba na vijana wa jumuiya yetu, nawaandikia kuhusu jambo moja. Turudishe sala ya pamoja ya kila wiki, kwa siku yake na saa yake, na tusiiache tena.

Kwamba tunaweza, sina shaka. Mtu akifariki kambini kwa wafanyakazi wa chai au huku juu kwenye mashamba yetu madogo, nani huhitaji kutumiwa ratiba? Kila jioni tunafika kwa wafiwa, mvua na matope hayatuzuii, tunasali rozari na kuimba hadi siku ya mazishi. Tukishazika, tunatawanyika, na hatuonani tena mpaka msiba mwingine. Linaniuma hili. Mgonjwa tuliyemlilia sana jeneza lake likiwa mbele yetu, alilala miezi kitandani bila kikundi cha watu watano kuketi kando yake na kumwombea.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliamua kwamba Kanisa katika nchi zetu lijengwe kuanzia jumuiya ndogondogo: majirani wanaojuana, wanaosoma Neno pamoja na kubebeana mizigo. Jimbo letu la Kericho, lililomegwa kutoka Nakuru mwaka 1995, limekulia katika mpango huo. Tunajivunia Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka 2015, nasi tuna haki ya kujivunia. Lakini katikati ya waumini 1,500 mama hawezi kusimama aseme kwamba mwanawe amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Sebuleni kwa jirani anaweza.

Na yako mengi ya kusema sasa. Mashine za kuchuna majani zimeingia mashambani, na wenzetu waliozoea kutoka alfajiri na kikapu mgongoni wamebaki bila kazi. Wengine wamerudi makwao bila sisi kuwaaga. Wengine wapo, wamejifungia kwa aibu. Mtu kama huyo haji kuomba msaada ofisini kwa padre. Akijua kwamba Alhamisi watu wanasali nyumba ya tatu kutoka kwake, huenda akaja.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 12, Petro anatolewa gerezani usiku na moja kwa moja anakwenda nyumbani kwa Maria, mama yake Yohane Marko. Alijua pa kwenda. Nyumba ilikuwa imejaa watu wanaomwombea, na binti Roda akaitambua sauti yake mlangoni. Je, katika jumuiya yetu leo, mtu aliyefunguliwa usiku angejua abishe mlango upi?

Najua yanayotukwamisha. La kwanza ni aibu ya kukaribisha. Zamu inapofika, mwenyeji anahesabu viti, anahesabu vikombe, anaona sukari haitoshi, kisha anatuma ujumbe kwamba amesafiri. Ndugu zangu, tumejitwika wenyewe mzigo huu kwa kushindana kwa chapati na soda. Napendekeza tuufute kabisa. Nyumba ya zamu itoe paa na taa, basi. Anayetaka kuketi aje na kigoda chake. Hata chai, pamoja na kwamba tunaishi katikati yake, isiwe sharti.

La pili ni michango. Sala imegeuka kuwa mlango wa harambee, na asiye na shilingi hamsini anaona heri asije. Michango ni ya lazima, kwa maana hospitali na mazishi hayatungoji, lakini ipewe siku yake. Alhamisi daftari la michango lisifunguliwe.

Lori la majani nalo tunalijua. Likichelewa kituoni, wakulima wanakesha na magunia yao. Aliyekwama asikate tamaa, na waliofika wasimngoje. Wawili watatu wanatosha kuanza, na Bwana mwenyewe ameahidi kuwa kati yao. Tumezoea kuahirisha kwa kuwa “watu ni wachache,” na kila tulipoahirisha wamepungua zaidi. Mkulima anajua kinachompata anayeruka raundi ya kuchuna: majani mawili na chipukizi yanapita, yanakomaa, na kiwandani yanakataliwa.

Akina baba, nawasihi kwa heshima. Msiwaachie akina mama sala, ninyi mkabaki na uenyekiti.

Jambo la mwisho ni zito. Kambi zetu zina Wakipsigis, Wakisii, Waluhya, Wajaluo na wengine, ndiyo maana tunasali kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, majirani walikimbia katika mashamba haya ya chai, na nyumba zikachomwa. Waliokuwa wakikutana Jumapili tu, kila mmoja kwenye benchi lake, walikuwa hawajuani vya kutosha kusimama mbele ya mlango wa mwingine. Kampeni za 2027 zitafika na maneno yake. Nataka zitukute tukiwa tumeombea watoto wa kila mmoja wetu kwa majina yao.

Basi tuanze Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na mbili jioni, tumalize saa moja ili wanaotoka mbali wasitembee usiku sana. Tusome sura hiyo ya 12 ya Matendo ya Mitume, kila mtu ataje nia yake, kisha tuwaombee wagonjwa kwa majina. Wiki ile ile katekista atapanga zamu za nyumba za miezi mitatu. Mwenye mgonjwa asiyeweza kutoka anijulishe mapema, tuanzie kwake.

Ndugu yenu katika Kristo,
Katibu wa Jumuiya