WAZEE WA TERABAITI, MNAKUSANYA MUVI AU MNAKUSANYA MAJINA?



Nimepotea hapa kama wiki tatu hivi. Testi zilifuatana kama daladala za Mwanjelwa, mwenye kudesa alidesa, mwenye kulala alilala. Leo nimepumua kidogo, na nimekuja na ugomvi.

Ugomvi wangu ni na jamaa wanaojiita wakusanyaji wa muvi. Kila hosteli inao, na hapa kwetu Mbeya tunao wa kutosha. Mnawajua. Jamaa ana diski ya nje ya terabaiti moja, anaibeba kama kichanga. Ukimuuliza ina nini anaanza kukusomea majina kama mwalimu anayeita mahudhurio: za Kihindi hizi, za Kikorea misimu yote, Bongo Movie za Kanumba "zote kabisa". Sasa muulize, hii umeiangalia? "Bado, nitaiangalia likizo." Likizo ikifika anaongeza nyingine mia.

Huyo ni wa kwanza, na kwa kweli hana madhara makubwa. Wa pili ndiye ananikera. Yeye anaangalia, lakini kabla ya kuhifadhi anachinja. Matangazo ya mwanzo, anafuta. Mahojiano na waigizaji, anafuta. Vile vipande vya mwisho ambapo mtu anakosea maneno kila mtu anacheka, anafuta. Na kama ina sauti ya DJ anayetafsiri, hiyo haiingii kabisa kwenye diski yake. "Mimi natunza orijino tu," anakwambia, shingo imesimama.

Nasema hivi, na nasema bila kung'ata maneno: anayetupa nyongeza hajatunza filamu. Ametunza ganda la ndizi, ndizi yenyewe ameitupa. Na kwa nchi yetu hasara yake ni kubwa kuliko huko ng'ambo, maana kwetu mara nyingi nyongeza ndiyo kitu pekee kisichopatikana kwingine popote.

Tuanze na hao wa ng'ambo wanaowaiga. Mnajua mtindo wa mtu kuzungumza juu ya filamu huku inaendelea ulianzaje kwenye diski za kuangalia nyumbani? Mwaka 1984 huko Marekani kampuni ya Criterion ilitoa King Kong ya mwaka 1933 kwenye LaserDisc, yale madiski makubwa ya saizi ya santuri. Wakaweka njia ya pili ya sauti, na humo mtaalamu wa historia ya filamu, Ronald Haver, anaongea mwanzo hadi mwisho: hiki kilipigwaje picha, huyu alikuwa nani, kile kilitengenezwa na nini. DVD zilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1990 mtindo ukawa wa kawaida. Ile ya kwanza ya The Lord of the Rings, toleo refu la mwaka 2002, ilikuwa na diski nne, mbili zikiwa za nyongeza tupu, na maelezo ya sauti ya aina nne tofauti. Mkusanyaji wa kweli huko anaangalia filamu kavu kwanza, halafu anairudia na sauti ya mwongozaji, halafu anakaa na mahojiano. Anajua kuwa humo ndimo kazi ilipoelezwa.

Sasa niambieni, wazee wa orijino: Haver akiongea juu ya King Kong ni elimu, lakini Lufufu akiongea juu ya filamu ya Kichina ni kelele? Kwa kipimo kipi?

Kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza: Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ndiye jina kubwa la kutafsiri filamu kwa Kiswahili nchini. Alianza vibandani kwa mdomo, filamu inaendelea na yeye anaongea, baadaye sauti yake ikaingizwa kwenye kanda na kusambaa. Wakafuata wengine kina DJ Mark, Kenya wakawa na DJ Afro, Uganda wakawa na VJ Jingo anayetafsiri kwa Kiganda. Watu hawa hawatafsiri maneno tu. Anakwambia steringi ni yupi na adui ni yupi. Anakutangulizia kuwa huyu mzee mpole mumwangalie vizuri. Jambazi wa Hong Kong anamleta mpaka Manzese, unamwelewa mara moja. Hayo ni maelezo ya filamu, sema yametolewa na mtu wetu kwa watu wetu.

Tena jambo lenyewe si geni. Wajapani enzi za filamu bubu walikuwa na watu wanaoitwa benshi, wanakaa pembeni ya pazia na kusimulia, na watu walikata tiketi kumfuata benshi wao. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Hapa hapa Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walitengeneza filamu za mafunzo pale Vugiri, milima ya Usambara, na sauti zake ziliwekwa kwenye santuri mbali na picha, ili kila kabila lisikie kwa lugha yake. Picha moja, sauti nyingi. Kwa hiyo anayesema filamu ina sauti moja tu halali hajui hata historia ya nchi yake.

Sasa nije nyumbani, Tukuyu, maana ndipo moto unapowaka.

Mnaoijua Rungwe mnajua hali ya hewa yetu. Mvua haina adabu, na asubuhi Mlima Rungwe wenyewe huuoni kwa ukungu. Sasa kuna ukungu wa nje na kuna ukungu wa ndani, ule unaoota kwenye viatu, kwenye mabegi, na kwenye kanda za video. Kanda ya VHS ukiiacha kwenye sanduku misimu miwili kule kwetu, ukiifungua unakuta unga mweupe. Ukiitia kwenye deki unaua kanda na deki.

Likizo iliyopita nilipita kwa mzee mmoja ambaye zamani alikuwa na kibanda cha video karibu na stendi, baadaye akawa anakodisha CD. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, nikamuuliza mzigo wake uko wapi. Akanionyesha shambani. Wadau, CD zimening'inizwa kwa kamba kwenye mahindi, zinametameta kufukuza ndege! Nikasogea nikasoma moja, ni Bongo Movie ya miaka ile, sehemu ya pili. Ya kwanza ilikuwa mstari wa pili kutoka mtaroni. Nikamuuliza mzee, hizi huna kopi? Akacheka. "Mwanangu, vijana wanasema kila kitu kiko kwenye simu."

Kila kitu? Hebu tuseme ukweli. Kwenye simu ipo filamu, tena ikiwa na bahati. Pale kibandani kwa mzee palikuwa na kijana aliyekuwa akishika maiki sauti ya kanda ikizingua, anatafsiri mwenyewe, Kiswahili kikichoka anamalizia kwa Kinyakyusa na kibanda kizima kinapasuka kwa kicheko. Nilikuwa mtoto, naingia kwa mia mbili, na maneno mengine ya wakubwa niliyasikia kwake kwa mara ya kwanza. Sauti ile haikurekodiwa na mtu yeyote. Imekwenda. Ndiyo maana zile zilizorekodiwa zinaniuma zikitupwa.

Na Bongo Movie hali ni hiyo hiyo. Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012. King Majuto tarehe 8 Agosti 2018. Hawatatoa mahojiano mengine. Kipande cha dakika tatu ambapo mwigizaji kama hao anakosea mstari, anacheka, anamtania mpiga picha, wewe unakifuta uokoe nafasi! Hata yale matangazo ya mwanzo, ya filamu "inayokuja hivi karibuni", nyingine hazikuja kabisa. Tangazo ndilo ushahidi pekee kuwa kuna watu waliwahi kuianza. Na kava je? Kava lina majina ya wapiga picha, wahariri, msambazaji, na mtaa alipokuwa. Mtu atakayeandika siku moja juu ya Nsyuka ya Mussa Banzi, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yenye jina ambalo sisi Wanyakyusa hatuhitaji kutafsiriwa, ataanzia wapi kama sisi tunatunza faili moja lililoandikwa "muvi ya mizimu"?

Najua majibu yenu, tumeshabishana sana kantini.

La kwanza: nafasi. Haya, tupige hesabu. VCD moja imejaa ni kama megabaiti 800, na inachukua dakika 74 hadi 80 tu, ndiyo sababu mojawapo mlizoea kununua sehemu ya kwanza na ya pili. Terabaiti moja inabeba VCD nzima nzima zaidi ya 1,100. DVD ya kawaida ni gigabaiti 4.7, utaweka zaidi ya 200. Una muvi ngapi za maana kuliko hizo? Nafasi unayo, sema umeijaza misimu ya Kikorea usiyoiangalia.

La pili: DJ anadanganya, anaongeza chumvi. Ni kweli anaongeza! Wengine wanaboa, wengine wanaficha maneno mazuri ya filamu. Basi tunza zote mbili, kavu na ya DJ. Mbona kitabu kikitafsiriwa huchomi tafsiri?

La tatu: ni wizi. Hapa nakubali kuna hoja. Tafsiri nyingi za vibandani hazikuombewa ruhusa kwa wenye filamu, na wasanii wetu wamelia sana kuhusu kudurufiwa. Nchi ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na mwaka 2013 zikaja stempu za kodi kwenye CD. Sikwambii udurufu ukauze. Nakwambia ile CD uliyonunua kwa jasho lako usiigeuze kinyago cha ndege. Na tena mwizi gani mbaya kuliko anayenyofoa majina ya waliofanya kazi akabaki na kazi?

Sasa namna ya kufanya, maana kulalamika bila dawa ni umbea. Ukifungua VCD kwenye kompyuta utaona folda la MPEGAV, na ndani yake mafaili kama AVSEQ01, AVSEQ02. Wengi wenu mnabeba lile kubwa na kuacha madogo. Hayo madogo ndiyo nyongeza! DVD vivyo hivyo, msichague faili kwenye VIDEO_TS, chukueni kopi ya diski nzima kama ilivyo. Piga picha kava mbele na nyuma, weka humo humo. CD yenyewe ihifadhi imesimama, pakavu, ndani ya kasha. Usigandishe karatasi juu yake, na chunga upande wa juu wenye maandishi kuliko mnavyochunga wa chini, maana kwenye CD picha na sauti viko chini tu ya hiyo rangi. Ukikwaruza pale, hakuna dawa ya meno itakayokusaidia.

Halafu, ANGALIENI. Anza na filamu, usiguse nyongeza kwanza, mahojiano yatakumalizia utamu. Kesho yake rudia na sauti ya DJ. Mwisho kaa na vile vipande na matangazo, tena ukae na mtu mzima aliyekuwepo: baba mdogo, mjomba, yule mwenye kibanda. Utashangaa atakavyofunguka. Hapo utapata maelezo ambayo hakuna diski inayo, na simu yako ina kinasa sauti, itumie.

Mimi mzee nimemwomba maboksi mawili yaliyobaki darini. Mvua za masika zikianza kule kwetu dari halisubiri mtu. Nilizichukua na Kosta mpaka Mbeya nikiwa nimezipakata, konda akitaka kuziweka juu nikakataa. Mpaka leo nimetoa kopi 61. Tisa hazisomeki kabisa. Kila jioni baada ya lecha naendelea, na mwenye deki nzima ya VHS naomba tuwasiliane kabla ya UE.

Na wewe mwenye terabaiti chumba cha jirani, najua unasoma hapa. Nikigonga mlango usijifanye umelala. Futa misimu miwili tu, kaka, boksi la pili halina pa kuingia.

Maoni ruksa, matusi peleka kwenu.