Tunajua bei za Wachina, hatujui fikra zao

Jumapili moja hapa Kabeza palizuka ubishi mbele ya duka la jirani yangu. Binti yake ameanza kujifunza Kichina, na mzee mmoja aliyerudi kutoka Goma, mfanyabiashara wa siku nyingi, akamwambia: "Mwanangu, unajisumbua. Mchina hana mila, anajua pesa tu." Watu tukacheka. Nami nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka hasara niliyowahi kuipata kwa kuamini maneno ya namna hiyo.

Mwaka 2007 nilikwenda Guangzhou na mwenzangu mmoja kununua sufuria na chupa za chai za kuuza Gisenyi na Goma. Tulipofungua mzigo kabla ya kupakia, mimi nilikuta katoni nane hazipo. Nikapandwa na hasira. Nikamfokea mwenye mali mbele ya wafanyakazi wake na mbele ya baba yake mzazi. Katoni zangu zililetwa mara moja, nikatoka kifua mbele. Mwenzangu naye alikuta pungufu. Hakusema kitu pale. Alingoja jioni, walipokaa mezani kula, akamwonyesha orodha taratibu. Naye akalipwa.

Tofauti ilionekana safari zilizofuata. Mwenzangu akawa anapewa mali kauli: analipa nusu, nyingine anamalizia akishauza. Mimi niliambiwa fedha taslimu, tena kwa tabasamu, hadi nilipoacha safari hizo. Niliokoa katoni nane, nikapoteza mkopo wa miaka.

Baadaye ndipo nilipojua kuwa Wachina wana neno lake, mianzi, yaani uso wa mtu, heshima yake mbele za watu. Je, jambo hili ni geni kwetu? Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilimvua mtu nguo mbele ya baba yake, halafu nikashangaa kwa nini hanikopeshi.

Nyuma ya desturi kama hiyo yapo mafundisho ya zamani sana. Confucius, aliyeishi miaka 551 hadi 479 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba jamii hukaa vizuri watu wakishika utu (ren), adabu (li), heshima kwa wazazi (xiao) na uaminifu wa neno (xin). Mtu aliyekamilika alimwita junzi. Neno hilo mwanzoni lilimaanisha mtoto wa mtawala, lakini yeye alitaka apewe mtu yeyote mwenye mwenendo mwema. Sisi Wanyarwanda tuna imfura. Ni mzaliwa wa kwanza, ni mtu wa ukoo bora, lakini zaidi ni mtu mwenye ubupfura, asiyevunja neno lake. Watu wawili walio mbali namna hii wamepita njia moja!

Hakuwa peke yake. Kitabu kinachohusishwa na Laozi kinasifu upole wa maji, yanayoshinda kigumu bila kushindana nacho. Han Fei yeye aliamini sheria na adhabu, na kwa siasa za namna hiyo dola ya Qin iliunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo. Utawala wa Han uliofuata ukampandisha Confucius, na mafundisho yake yakawa msingi wa mitihani ya kupata kazi serikalini hadi mwaka 1905. Mwaka 1973 na 1974 chama cha Mao kiliendesha kampeni ya kumlaani. Lakini China hiyo hiyo, chini ya chama hicho hicho, ilipotaka kufundisha lugha yake duniani, taasisi zake ilizipa jina la Confucius. Ya kwanza Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Yetu ilifunguliwa mwaka 2009 katika chuo cha ualimu cha KIE, jirani yetu pale Remera.

Sisemi tumeze kila kitu. Mapokeo hayo yalimweka mwanamke chini ya baba, kisha mume, kisha mtoto wake wa kiume. Hilo tuliache. Sheria yetu ya mwaka 1999 ilimpa mtoto wa kike haki ya kurithi, na akina mama ndio wanaobeba biashara ya mpaka mdogo wa Gisenyi. Wala jina la Confucius si dhamana. Yule aliyenipunguzia katoni alivunja xin kabla mimi sijavunja adabu. Kwa hiyo andikianeni, hesabuni, tieni saini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ninachosema ni hiki: wenzetu walianza kutusoma zamani. Redio yao ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Barabara ya Kigali hadi Rusumo, ambayo wengi wetu tuliopitia Tanzania tulirudi nayo nyumbani, waliijenga wao miaka ya 1970. Sisi tunakwenda kwao na kikokotoo mkononi, tunarudi tunajua bei ya jumla na namba ya kontena, basi. Katika biashara, anayemjua mwenzake ndiye anayepanga masharti.

Kwa hiyo nilimwambia yule binti aendelee, na amwulize mwalimu wake maana ya xin kabla ya kuuliza "bei gani?" Na yule mzee wa Goma, ambaye mwenyewe hatoi mali kauli kwa mtu asiyejua kwao, nilimwuliza: hiyo siyo mila? Alicheka, lakini hakujibu.